Busta ya breki za upepo: upande unaofunguliwa na upande usioguswa

Swali la msomaji wa Iringa: "Nina basi la abiria linalofanya safari kati ya Mbeya na Dar es Salaam. Wiki hii tumeanza kusikia upepo ukivuja kwenye gurudumu la nyuma kushoto, na asubuhi geji inachelewa kupanda. Fundi mmoja ananishauri tubadilishe raba ya busta tu, mwingine anasema ninunue busta nzima. Jana yule wa kwanza alilala chini ya gari na kuanza kulegeza klampu ya nyuma kabisa, dereva akamzuia. Nani yuko sahihi, na busta inatakiwa kuhudumiwa vipi na kila baada ya muda gani?"

Ndugu msomaji, nianze na dereva wako, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa sahihi kuliko wote. Busta ni kopo la chuma lililo karibu na gurudumu, linalogeuza upepo kuwa msukumo wa breki. Klampu ya nyuma kabisa ya busta ya ekseli ya nyuma haifunguliwi gereji, haifunguliwi barabarani, wala haifunguliwi na fundi yeyote hata awe na uzoefu wa miaka mingi kiasi gani. Nyuma yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja, na klampu ile ndiyo inayoizuia isitoke. Ikilegea, kifuniko huruka kabla mtu hajapata hata nafasi ya kugeuza kichwa, na wapo mafundi katika nchi nyingi waliopoteza maisha kwa namna hiyo hiyo. Tafadhali mpe fundi huyo maelezo haya ayasome mwenyewe, maana wengi wanaofanya kosa hilo hawalifanyi kwa ukaidi, bali kwa kuwa klampu mbili za busta zinafanana kwa nje na hakuna aliyewahi kuwaeleza tofauti yake.

Kuhusu mabishano ya raba au busta nzima, mafundi wako wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kutegemea upepo unavujia chumba gani. Busta ya nyuma ni vyumba viwili vilivyounganishwa. Chumba cha mbele, yaani kile kilicho upande wa fimbo, ni cha breki ya mguu. Ndani yake kuna raba ya duara, sahani yenye fimbo, na springi ndogo ya kuirudisha fimbo. Dereva akikanyaga pedali, upepo huingia nyuma ya raba, raba husukuma sahani, fimbo hutoka na kusukuma slaki (mkono unaounganisha fimbo na kamu), slaki huzungusha kamu, na kamu hutanua viatu vya breki mpaka vishike drami. Chumba cha nyuma ni cha handbreki na cha dharura, nacho hufanya kazi kinyume chake: humo upepo hauwi breki, upepo ndio unaoachia breki. Springi kubwa muda wote inataka kujitanua na kusukuma fimbo, na upepo wa bar 5 hivi ndio unaoibana ili gari liweze kutembea. Upepo ukiisha, springi hushinda na gurudumu hushikwa. Ndiyo maana basi lililopoteza upepo barabarani haliendi popote, na ndiyo maana geji yako inapochelewa kupanda asubuhi basi linakataa kuondoka.

Kwenye mwili wa busta utakuta maandishi kama 24/30 au 30/30. Namba ya kwanza ni ukubwa wa chumba cha mguu, ya pili ni ya chumba cha springi, na zote mbili ni inchi za mraba za eneo linalosukumwa na upepo. Chumba cha 30 kikipata upepo wa bar 7 hutoa msukumo wa kilo 1,380 hivi, na cha 24 hutoa kilo 1,100 hivi. Namba hizi zina maana kubwa wakati wa kununua spea, kwa sababu busta ya 24 kushoto na ya 30 kulia kwenye ekseli moja zitaligeuza basi upande kila dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, na hakuna urekebishaji wa slaki utakaoondoa hitilafu hiyo.

Sasa tutafute uvujaji wako. Simamisha basi mahali tambarare, weka vizuizi imara mbele na nyuma ya matairi ambayo hayafanyiwi kazi, jaza upepo mpaka kompresa ikate, kisha zima injini. Mtu mmoja akae kwenye usukani na mwingine awe karibu na gurudumu na maji ya sabuni. Kwanza handbreki iachiwe na pedali isiguswe kabisa. Upepo ukisikika katika hali hiyo, ukitokea nyuma ya busta au kwenye matundu ya chumba cha springi, basi unavuja upande wa springi. Kisha dereva akanyage pedali na kuishikilia. Uvujaji unaoanza hapo tu, ukitokea kwenye matundu ya kupumulia yaliyo upande wa fimbo au kuzunguka klampu ya mbele, ni wa raba ya breki ya mguu. Paka sabuni pia kwenye mipira ya upepo na viungo vyake kabla ya kulaumu busta. Mpira uliochubuka kwa kusuguana na chesisi hutoa sauti ileile, na kuubadilisha ni gharama ndogo kuliko busta.

Uko uvujaji wa tatu ambao huwapotosha mafundi wengi. Katikati ya vyumba viwili kuna ukuta wenye tundu ambamo fimbo ya springi hupita, na tundu hilo lina sili. Sili hiyo ikichakaa, upepo wa handbreki hupenya na kuingia chumba cha mguu, hurudi kwa mpira wa breki ya mguu, na kutokea kwenye tundu la kutolea upepo la valvu ya rilei, ile inayopeleka upepo kwenye busta pedali inapokanyagwa. Fundi husikia rilei ikitoa upepo, anabadilisha rilei, na uvujaji unabaki palepale. Dawa yake ni rahisi: handbreki ikiwa imeachiwa, pedali haijakanyagwa na matairi yana vizuizi, ondoa mpira wa breki ya mguu kwenye busta moja baada ya nyingine. Upepo ukitoka kwenye tundu la busta yenyewe, sili ya katikati imekufa. Ukitoka kwenye mpira unaotoka rilei, tatizo ni rilei.

Matokeo ya uchunguzi huo ndiyo yanayokata shauri. Raba ya breki ya mguu hubadilishwa peke yake, kama mwili wa busta bado ni mzima. Uvujaji wa upande wa springi au wa sili ya katikati maana yake ni kubadilisha sehemu yote ya springi ikiwa imefungwa kiwandani, au busta nzima. Mimi binafsi hushauri busta nzima kwa basi la abiria, hasa ikiwa imekaa miaka kadhaa, kwa sababu upande wa springi ukichoka, upande wa mguu mara nyingi hauko mbali. Kuna madukani raba za upande wa springi zinazouzwa peke yake, na kuna gereji zinazozibadilisha kwa kubana kifuniko kwenye presi. Usikubali kazi hiyo ifanywe kwenye basi lako, hata kwa bei ya chini kiasi gani.

Iwe unabadilisha raba au busta nzima, hatua ya kwanza ni ile ile: kuifunga springi kwa bolti yake. Bolti hiyo ndefu yenye kichwa cha umbo la T huwa imehifadhiwa kwenye mfuko ulio ubavuni mwa busta. Nyingi zimepotea au zimeshika kutu, kwa hiyo hakikisha unayo iliyo nzima kabla ya kuanza. Jaza upepo na uachie handbreki, ili upepo wenyewe ndio uibane springi na bolti ibaki na kazi ya kuishikilia tu. Ondoa kizibo cha vumbi nyuma ya busta, ingiza bolti mpaka ndani, izungushe robo mzunguko, kisha ivute uone kuwa imeshika. Weka washa na nati, ukaze kwa spana ya mkono mpaka iwe imara. Usitumie mashine ya upepo ya kufungulia nati za matairi, kwa sababu inaweza kukata bolti au kuharibu sahani ya springi bila wewe kujua. Kwenye busta nyingi za breki za diski bolti haichomolewi, bali iko ndani na kichwa chake kinaonekana katikati ya kifuniko cha nyuma, hivyo unaizungusha tu kwa spana mpaka itoke urefu wake wote.

Ukilazimika kuifunga springi bila upepo, spana ndiyo itakayoibana, na hapo uwe makini zaidi. Bolti inatakiwa itoke nje polepole kadiri nati inavyokazwa. Kama nati inazunguka na bolti haitoki, au kama ulipoiingiza haikushika, au kama ukitikisa busta unasikia vipande vya chuma vikigongana, springi au sahani yake imevunjika. Busta ya namna hiyo isilegezwe klampu yoyote. Ing'olewe nzima kama ilivyo, na wakati wote wa kazi hiyo hakuna mtu anayepaswa kukaa nyuma yake katika mstari ambao kifuniko kingeruka. Tabia hiyo ya kukaa pembeni ni nzuri hata pale ambapo bolti imeshika vizuri.

Springi ikishafungwa, rudisha handbreki, zima kila kitu na ufungue mitungi yote ya upepo mpaka geji isome sifuri. Tia alama kwenye mipira miwili ya upepo kabla ya kuifungua, kwa sababu mpira wa mguu na wa handbreki vikipishana, breki itafanya kazi kinyume na anachotaka dereva. Kwa kubadilisha raba, shikilia fimbo kwa koleo la kujifunga lililobanwa karibu na mwili wa busta ili springi ndogo isiirudishe ndani, kisha legeza klampu ya mbele peke yake, ile iliyo karibu na fimbo na yenye bolti zake mbili. Ukiinua raba ya zamani, itazame vizuri kwenye mwanga kabla ya kuitupa, maana inasimulia hali ya mfumo mzima. Raba iliyovimba na kulainika imepata mafuta, na mafuta hayo yanatoka kwenye kompresa iliyochoka. Iliyopasuka pembezoni ilibanwa na klampu iliyopinda au ukingo wenye kutu. Iliyo na tope la kahawia imekuwa ikipokea maji, na hapo kikaushio cha upepo ndicho kinachodai kubadilishwa. Ukiweka raba mpya juu ya sababu ileile, utaibadilisha tena baada ya muda mfupi.

Safisha ukingo kwa brashi ya waya, kagua kama haujaliwa na kutu, weka raba ya ukubwa uleule, rudisha klampu na ukaze bolti zake mbili kwa zamu huku ukiigonga klampu polepole kwa nyundo ndogo kuizunguka yote, ili ikae sawasawa. Klampu iliyopinda haipigwi ikanyooka, inatupwa. Kwa busta za mbele, ambazo kwa kawaida ni chumba kimoja kisicho na springi kubwa, kazi ni hiyo hiyo bila hatua ya bolti ya T, mradi upepo wote umetolewa.

Kama ni busta nzima, pana jambo ambalo nimeona likipuuzwa mara nyingi kuliko yote, nalo ni urefu wa fimbo. Busta mpya nyingi za breki za drami huja na fimbo ndefu kuliko inayohitajika, ili ikatwe kwa kipimo cha gari. Kabla ya kung'oa ya zamani, pima kutoka uso wa busta mpaka katikati ya tundu la pini inayounganisha fimbo na slaki, fimbo ikiwa imerudi ndani, na uhamishie kipimo hicho kwenye mpya. Fimbo iliyokatwa fupi au iliyoachwa ndefu hubadilisha pembe kati yake na slaki. Pembe hiyo inatakiwa iwe karibu na nyuzi 90 breki inapokuwa imekanyagwa, kwa kuwa hapo ndipo msukumo wote wa busta unageuka kuwa nguvu ya kuzungusha kamu. Ncha ya fimbo isipenye ndani ya uma (kipande kilicho mwisho wa fimbo, kinachoshika slaki kwa pini) kupita milimita 3 hivi, isije ikagusa slaki. Uso wa bano unakokaa busta uwe safi, bila rangi nene wala kutu, na nati ziwe mpya. Kwa nati za M16 viwanda vingi huelekeza zikazwe kwa Nm 180 hadi 210, kipimo ambacho mkono peke yake hauwezi kukikisia, kwa hiyo tumia spana ya kupimia. Matundu ya kutolea maji nayo yana utaratibu: busta ikishafungwa mahali pake, tundu lililo chini kabisa liachwe wazi. Kwenye breki za diski, yale mengine yazibwe, kwa kuwa vumbi na maji vikiingia hapo vitafika ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachobana diski. Kizibo cha nyuma kirudishwe siku hiyo hiyo. Kinaonekana ni kipande cha plastiki kisicho na thamani, lakini ndicho kinachozuia maji kuiozesha springi, na kwa basi linalolala Dar es Salaam kwenye hewa ya chumvi, springi iliyoachwa wazi haidumu.

Baada ya kufunga, jaza upepo, ondoa bolti ya T na uirudishe kwenye mfuko wake. Narudia: iondoe. Wako wanaoiacha kwa makusudi. Basi likikwama njiani na gurudumu moja limeshika, fundi huifunga springi au huziba mpira wa upepo wa gurudumu hilo, kisha abiria wanarudi ndani na safari inaendelea. Kulisogeza basi tupu taratibu mpaka mahali salama ni matumizi halali ya bolti hiyo. Kuendelea na safari ikiwa na abiria ni kuondoka na gurudumu lisilokuwa na breki ya dharura, na kama mpira wa mguu nao umezibwa, lisilokuwa na breki yoyote. Hakuna ratiba inayohalalisha jambo hilo, na mmiliki ndiye anayepaswa kumwambia dereva wazi kwamba hatalaumiwa kwa kuwachelewesha abiria.

Nafika sasa kwenye kipimo ambacho, kwa maoni yangu, ndicho huduma yenyewe ya busta, maana busta isiyovuja hata kidogo inaweza kuwa haina breki. Kipimo hicho ni mwendo wa fimbo. Chumba cha 30 cha kawaida kina mwendo wa milimita 64 kwa jumla, lakini kikomo cha kuruhusiwa wakati wa ukaguzi ni milimita 51. Kwa chumba cha 24, na vilevile cha 20, kikomo ni milimita 44. Zipo pia busta za mwendo mrefu zenye vikomo vyake, ambazo hutambuliwa kwa kibati au alama kwenye mwili, nazo hazichanganywi na za kawaida kwenye ekseli moja. Kupima ni hivi: drami zikiwa zimepoa, matairi yamewekewa vizuizi, injini imezimwa, handbreki imeachiwa, na upepo uko kati ya bar 6 na 7 (geji za psi zitasoma kati ya 90 na 100), tia alama ya chaki kwenye fimbo pale inapoingia kwenye busta. Dereva akanyage pedali mpaka mwisho na ashikilie. Pima umbali ambao alama imesogea.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini kikomo ni milimita 51 wakati fimbo ina 64. Jibu liko kwenye joto, na msomaji wa Iringa unalijua vizuri kwa sababu basi lako huteremka mlima Kitonga kila linapoelekea Dar es Salaam. Drami yenye kipenyo cha milimita 400 ikipanda joto kwa nyuzi 300 hutanuka kwa zaidi ya milimita 1 kwenye kipenyo chake. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini mkono wa slaki ni mrefu na kamu ni ndogo, kwa hiyo fimbo hulazimika kusogea karibu sentimita moja zaidi ili viatu vifikie drami iliyokwenda mbali. Busta iliyokuwa milimita 51 asubuhi pale stendi inakuwa inakaribia 61 katikati ya mteremko. Iliyokuwa 58 inafika mwisho: sahani inagonga ukuta wa busta, na upepo wote unaoongezwa baada ya hapo unasukuma chuma cha busta badala ya kusukuma breki. Hata kabla ya kugonga, msukumo huanza kupungua fimbo inapokaribia mwisho, kwa kuwa raba imekwishanyooka.

Baya zaidi ni kwamba dereva hapati onyo. Pedali ya breki za mafuta huzama breki zinapolegea, na dereva hulisikia jambo hilo mguuni. Pedali ya breki za upepo inafungua valvu tu. Itakuwa na ugumu uleule fimbo ikisogea milimita 40 au 64, na geji nayo itaonyesha upepo umejaa. Dereva atagundua siku atakapohitaji breki yote kwa mara moja. Akivuta handbreki wakati huo hatapata msaada wa maana, kwa sababu springi husukuma fimbo ileile iliyokwisha mwendo, na yenyewe hudhoofika kadiri inavyojitanua. Kwa hiyo dereva atumie gia ndogo na breki ya injini tangu juu ya mteremko, lakini hilo lisiwe kisingizio cha kutopima.

Mwendo ukizidi kikomo kwenye slaki ya kukaza kwa mkono, inakazwa mpaka viatu viguse drami, kisha inarudishwa kidogo ili gurudumu lizunguke huru, halafu unapima tena. Kwenye slaki inayojikaza yenyewe, kuikaza kwa spana ni kuficha ugonjwa, kwa kuwa kazi yake ni kujikaza na kama haikujikaza kuna sababu. Angalia pini ya uma iliyolika, bushi za kamu zilizolegea, drami iliyochongwa kupita kiwango, bano lililopasuka, au slaki yenyewe iliyokufa. Tofauti ya zaidi ya milimita 6 kati ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja naichukulia kuwa dalili ya kuchunguzwa hata kama pande zote mbili ziko ndani ya kikomo.

Busta ya zamani iliyotolewa isiachwe pembeni ya gereji wala kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu ikiwa na springi ndani. Wao huikata kwa gesi au kuigonga kwa nyundo bila kujua kilichomo, na kwenye gereji zetu watoto hupita. Iache na bolti yake, iandike kwa rangi kuwa ni hatari, na irudishe kwa muuzaji au gereji kubwa yenye sanduku la chuma la kuifungulia.

Kuhusu muda, basi lako linapita njia ya zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo usihesabu kwa miezi kama mwenye gari dogo. Kila asubuhi dereva atoe maji kwenye mitungi na asikilize uvujaji. Injini ikiwa imezimwa na breki zimeachiwa, upepo usishuke zaidi ya bar 0.14 kwa dakika, na pedali ikiwa imekanyagwa usishuke zaidi ya bar 0.2. Mitungi ikianza kutoa mafuta pamoja na maji, kompresa ikaguliwe wiki hiyo hiyo. Mwendo wa fimbo ningeupima kila mwezi kwa basi la njia ya milima, na mara zote baada ya kubadilisha laini za viatu vya breki au drami. Raba za breki ya mguu zibadilishwe zote pamoja kila mwaka, hata zisizovuja, na wakati huo bano, vizibo, matundu na mipira vikaguliwe. Vipimo viandikwe kwenye daftari, gurudumu kwa gurudumu, pamoja na tarehe na kilomita, kwa sababu fimbo iliyotoka milimita 38 mwezi uliopita na leo ni 47 imekwisha kukueleza mahali pa kuanzia, ingawa bado haijafika kikomo.

Kwa sasa basi lisipakie abiria mpaka gurudumu la nyuma kushoto lifanyiwe majaribio ya sabuni niliyoeleza. Ukigundua ni upande wa springi, nunua busta mbili za namba ileile na mwendo uleule, ufunge kushoto na kulia kwa pamoja, kisha upime fimbo zote za basi kabla halijarudi barabarani.